Nyundo Zinazotwanga

2 Novemba 1767

Leo imetimia miaka thelathini na mmoja tangu nitoke Charles Town, Karolina, nimelala chini ya ngozi za kulungu tumboni mwa meli. Kila mwaka tarehe hii huandika maneno yale yale: mwaka mmoja zaidi, kisha nitarudi kuwaona. Niliyaandika nywele zikiwa nyeusi, nikayaandika nikiwa na mke, nikayaandika mwaka aliokufa mke. Leo nayaandika kwa mkono ambao asubuhi hutetemeka mpaka upate moto.

Hapa Filadelfia wananiita Mzee Primus, mchora majina ya meli. Wengi wanadhani nilizaliwa hapa, nami sijawahi kuwasahihisha. Herufi nilizijua kwa kuzichora kwenye tezi, sehemu ya nyuma ya meli, kabla sijajua zinasema nini. Kusoma kulikuja baadaye, na vitabu baada ya kusoma.

Baridi imewahi mwaka huu. Bwana Averell, mwenye uwanja wa meli, ameagiza vyombo vyote vinavyovuja vivutwe nchi kavu kabla mto haujaganda.

5 Novemba

Theluji nyembamba iliyochanganyika na mvua. Nimechora herufi nne tu.

9 Novemba

Nilikuwa darini, kwenye chumba cha rangi, nikiponda rangi nyeupe juu ya jiwe, mara jiwe likanisimama mkononi. Chini, kwenye meli ya tatu, mtu alikuwa anakalafati, anaziba nyufa za mbao kwa nyuzi na lami. Hilo si ajabu, watu kumi wanakalafati humu kutwa. Lakini huyu alipiga nzito moja, nyepesi mbili, akanyamaza, halafu nzito tena.

Sikuwa nimeusikia mdundo huo tangu nitoke kwetu. Kule Charles Town wanawake walitwanga mpunga nyuma ya banda la uwanja, watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana bila kugongana. Sisi wakalafati tulifanya kazi hatua chache kutoka kwao, na mikono yetu ikajifunza kwao. Watu wawili wanakaa kwenye ufa mmoja wa mbao, mmoja anapiga penye kimya cha mwenzake, na nyuzi zinaingia sawasawa mwanzo hadi mwisho. Hapa Kaskazini hawaujui. Hapa kila mtu hupiga kivyake.

Nilishuka. Nikamkuta mwanamume wa kama miaka thelathini, mrefu, mwembamba, sikio moja limechanika na bado halijapona, chembeu ya kusukumia nyuzi mkono wa kushoto, nyundo ya mti mkono wa kulia. Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema jimbo la Jezi, ng'ambo ya mto.

"Jezi hawatwangi mpunga," nikamwambia.

Akaishika ile nyundo kama mtu anayepima uzito wa silaha. Nikamwambia kinu cha nyuma ya banda kilikuwa na ufa, kimefungwa pete ya chuma. Akaishusha ile nyundo.

"Bado kimefungwa," akasema.

10 Novemba

Jina lake la kwao siliweki kwenye karatasi. Humu uwanjani amejiita Silas, nami nitamwita hivyo.

Alifika kwa njia ambayo fundi pekee angeweza kuipata. Alipanda kwa siri kwenye meli iliyokuwa inavuja. Nahodha alipomgundua baharini alitaka kumfunga pingu amrudishe, lakini maji yalikuwa magotini na pampu hazitoshi, na mtoro huyu ndiye mtu pekee chomboni aliyejua kukalafati. Akaifanya kazi akiwa amening'inia kwa kamba. Walipofika mtoni, nahodha alimshusha penye matope kabla ya mji, akamwambia hajamwona. Miguu ilikuwa imeliwa na baridi. Mpaka leo anatembea kama mtu anayekanyaga miiba, na hawezi kwenda mbali zaidi ya hapa.

Nilimuuliza habari za dada yangu Abba. Nilijiandaa kusikia ameshazikwa. Akasema yupo, amepofuka, na bado anatwanga, kwa kuwa mchi hauhitaji macho. Sikuuliza zaidi. Nilipanda darini nikaponda rangi ambayo ilikuwa tayari imesagika.

18 Novemba

Nimemwambia Silas abadili mdundo. Meli za Karolina hufika hapa kila mwaka kuuza mchele, na zina watu wenye masikio. Akakubali, akajaribu siku nzima kupiga kama watu wa hapa. Jioni walimwaga maji kwenye ule ufa ili kuupima, yakapita kama kwenye kichungi. Msimamizi akamtukana mbele ya kila mtu, akamwambia aanze upya.

"Baba Primus," akaniambia, "ni kama kuniambia nitembee lakini nisitumie magoti."

19 Novemba

Tobit amepata mchezo mpya. Huyu Tobit ni mkalafati mrefu, mzaliwa huru wa mji huu, mama yake huru na bibi yake huru, na hana siku anayoacha kutukumbusha. Mdomo wake haupati likizo. Mkewe, Dina, huuza supu ya utumbo na pilipili pembeni mwa lango, na husema aliolewa naye ili watu wengine wapumzike. Sasa Tobit anamwita Silas "Mla Mchele". Kila Silas akianza kupiga, Tobit anajibu upande wa pili kwa mdundo ule ule, kwa dhihaka, huku akitikisa makalio kama mwanamke aliye kinuni. Wenzake wanacheka mpaka nyuzi zinawadondoka.

Simpendi. Mtu ambaye hajawahi kukimbia hucheka kwa sauti isiyonipendeza.

27 Novemba

Hakuna cha kuandika. Baridi.

4 Desemba

Mto umeanza kushika kingo. Barafu nyembamba inavunjika asubuhi kwa mlio kama wa vyombo vya udongo.

Kuna jambo nililoliona leo nalo linanitia hofu. Tobit haigizi tena. Amekaa na Silas kwenye ufa mmoja, wanapokezana, na kazi yao inakwenda upesi kuliko ya mtu yeyote. Msimamizi amewapa meli kubwa. Nilipopita, Tobit akanikonyeza, akasema, "Mzee, nimekuwa mke wa Mla Mchele, tunatwanga." Lakini macho yake yalikuwa kwenye chembeu, na sikio lilikuwa kwa mwenzake. Bado anapiga mzaha, ila mikono yake imeacha mzaha.

11 Desemba

Meli ya mchele kutoka Charles Town imefika jana na barafu imeufunga mto nyuma yake. Haitatoka mpaka majira yageuke. Juu yake yuko wakala wa wafanyabiashara wa kule, Bwana Rusk, mtu wa koti la kijani, mpole wa sauti. Nimemwambia Silas asipite karibu na gati.

Akaniuliza kama aondoke. Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Mtu mweusi mgeni anayetembea peke yake kwenye theluji, miguu mibovu, hana hati ya njia, mkulima yeyote atamkamata na kumpeleka jela ya wilaya. Hapa angalau ni uso mmoja kati ya nyuso kumi. Nikamwambia abaki. Barafu imemfunga yeye na Rusk kwenye chungu kimoja.

25 Desemba

Dina ametuletea supu ya bure, wakalafati wote na mimi. Tobit amekula bakuli tatu na kumsifu mkewe kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa siku hii.

7 Januari 1768

Rusk amepita nje ya ukuta wa uwanja leo. Nilimwona kutoka dirisha la dari. Alikuwa anatembea haraka kwa sababu ya baridi, akasimama ghafla, akainamisha kichwa. Chini yangu Silas na Tobit walikuwa kazini. Nilitaka kupiga kelele, lakini wao wako ndani ya meli na nyundo zinalia, wasingenisikia. Rusk alisimama mpaka theluji ikamjaa mabegani. Kisha akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bwana Averell.

8 Januari

Msimamizi ametuambia bila kujua anatuambia nini. Bwana Rusk ana ofisi Charles Town, ukuta mmoja na uwanja wa meli wa kule. Kuna mkalafati alitoroka mwezi Septemba, na bwana wake amemwomba Rusk amtafute. Rusk hamjui kwa sura. Miaka sita alizisikia nyundo zile akiwa kwenye meza yake na hata siku moja hakuinuka kutazama ni nani anayezipiga. Anachojua ni kwamba mtu ni mrefu, mweusi, na anapiga hivi na hivi. Jumatatu atakuja kusikiliza. Bwana Averell ameruhusu.

Bwana Averell ni Mkweka, wa dhehebu la Kikristo lisiloapa wala kupigana. Havui kofia mbele ya mtu, na kwenye ibada yao, nimesikia, amesema mara mbili kwamba kumiliki mtu ni dhambi. Nimemtumikia miaka ishirini na nilikuwa namheshimu. Nikapanda kumwomba amkatalie Rusk. Akanisikiliza kwa upole wote. Akasema kumzuia mgeni asisikilize kungeonekana kama kuna kitu kinafichwa, na meli za Kusini ni nusu ya kazi ya uwanja, na ukweli haumdhuru asiye na hatia. Nikamuuliza je, mwenye hatia ya kutaka kuwa huru? Akasema ataliombea.

9 Januari

Tulikusanyika kwenye banda la lami, penye joto. Wakalafati wote kumi, na mimi. Silas alisimama akasema yeye ni nani. Wengi walikuwa wamekisia. Akasema Jumatatu hatakuja kazini.

"Usipokuja ndiyo umejitaja," Tobit akasema. "Nyundo moja ikikosekana, atauliza ya nani."

"Nikija nipige vipi?"

"Piga kama mamako alivyokufundisha. Na sisi sote tupige hivyo hivyo. Tuone atachagua nani kwenye kinu chenye michi kumi."

Kwanza walicheka, wakidhani ni mzaha wake mwingine. Kisha wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu walikuwa wanausikia kichwani. Tumefanya mazoezi kwenye mapipa ya lami hadi giza. Wengine mikono yao ni migumu kama makasia. Silas aliwapitia mmoja mmoja akiwashika kifundo cha mkono. Nami niliitwa kusahihisha. Sikuwa nimeshika nyundo ya kukalafati kwa miaka kumi, kwa sababu ya vidole hivi. Nilipiga kidogo, banda lote likanifuata, nikatoka nje nikasema ni moshi umeniingia machoni.

11 Januari

Naandika hili polepole ili niliandike lilivyokuwa.

Rusk alikuja asubuhi pamoja na askari wa mji. Bwana Averell alisimama naye, mikono nyuma. Wakalafati walikuwa tayari ndani ya meli na juu ya majukwaa. Msimamizi akapuliza filimbi, kazi ikaanza.

Sitasikia tena kitu kama kile. Nyundo kumi, meli nne, mdundo mmoja. Mbao zenyewe zilikuwa zinatwanga. Watu walisimama mtaani. Rusk alifumba macho. Alipoyafumbua nilimwona amechanganyikiwa, nikadhani tumeshinda. Akaenda meli ya kwanza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu Silas na Tobit walikuwa upande kwa upande.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo wasio mafundi wasingelifanya. Tuliwafundisha watu kupiga vizuri. Hatukumfundisha mtu yeyote kupiga vibaya. Silas alikuwa na hofu, na mkono wake ulikuwa unachelewa. Tobit hakuwa na cha kuogopa. Alikuwa anapiga kwa furaha yake yote, na kila kimya cha Silas alikijaza, na Silas alipochelewa, yeye alimsubiri, akambeba. Kwa sikio la mtu aliyekulia Charles Town, kulikuwa na fundi mmoja tu wa kwao pale, naye alikuwa Tobit.

Rusk akanyoosha kidole. "Huyu."

Tobit alidhani ni utani. Alisema yeye amezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, waulizeni. Akamgeukia Bwana Averell, ambaye alimjua tangu akiwa mtoto. Bwana Averell akasema kwamba jambo hili sasa liko mikononi mwa sheria, na sheria italichunguza. Walimfunga mikono. Alipopita karibu na Silas hakumtazama. Hakumtazama hata kwa bahati mbaya.

12 Januari

Dina hakuweka sufuria langoni.

14 Januari

Nimekwenda mara ya pili kwa Bwana Averell. Inatosha aende kwa hakimu aseme: huyu ni Tobit, namjua, nilimwajiri akiwa kijana. Akaniambia dini yake haimruhusu kuapa. Nikamjibu kwamba sheria ya jimbo hili inawaruhusu Wakweka kuthibitisha neno bila kuapa, na kwamba mwaka juzi alifanya hivyo kwenye kesi ya mbao zake. Alishangaa kuwa najua. Akasema ataliangalia wiki ijayo, meli za watu zikimalizika.

Niliondoka nikiwa nimempunguza kimo. Simchukii. Ni kama nyumba niliyodhani ni ya mawe, nikaigusa, kumbe ni mbao zilizopakwa rangi.

17 Januari

Dina amekuja darini. Hakukaa. Alitazama makopo yangu ya rangi moja moja.

"Baba Primus, mimi si mtoto. Najua ni nani wanayemtafuta."

Nikaweka brashi chini.

"Mume wangu ana watoto watatu na mama mgonjwa. Huyo wako ana nani hapa?"

Nikasema hana mtu.

"Basi," akasema. Alifika mlangoni akageuka. "Sisemi nitamtaja. Nasema nataka wewe, unayesoma vitabu, unieleze kwa nini nisimtaje. Ukilipata jibu niletee."

Sijalipata. Nimekaa na kitabu wazi mbele yangu tangu aondoke.

18 Januari

Silas anataka kwenda kujitoa. Nimemnyang'anya viatu.

20 Januari

Nimeruhusiwa kumwona Tobit. Jela haina moto. Wamemfunga pingu za chuma kwenye ukuta kwa mkono wa kushoto, na chuma kwenye baridi hii kinauma kama jino. Vidole viwili vya mkono ule vimekuwa vyeusi kuliko ngozi yake. Akaona navitazama.

"Vinakuwa watu wa Karolina," akasema. "Vinatoroka."

Nikamwambia Silas anataka kuja. Ule mdomo usiopata likizo ukanyamaza, nami nikamwona Tobit bila mdomo wake kwa mara ya kwanza. Ni mtu mzito kuliko nilivyodhani. Akasema amekuwa akilifikiria kila saa, na kila saa amekaribia kulitaja jina, na hataki tuwe na mawazo ya uongo juu yake. Kilichomzuia si wema. Alisema miaka yote ameamini kuna watu aina mbili, waliozaliwa huru na wengine, na sasa amejua kwamba Rusk hakuwahi kuiona tofauti hiyo. Akimtoa Silas, atakuwa amekubaliana na Rusk kwamba kinachotakiwa ni shingo yoyote.

"Lakini usimwambie Dina nimesema hivyo," akasema. "Mwambie sijui jina lake. Mwambie siku zote nilimwita Mla Mchele."

23 Januari

Homa. Nimelala.

26 Januari

Nimekwenda kwa hakimu mwenyewe. Kesi ilikuwa kwenye chumba kidogo chenye moto mzuri. Rusk alikuwepo, Tobit aliletwa, mkono umefungwa kitambaa. Bwana Averell hakuwepo. Hakimu, mzee mwenye mafua, akaniuliza nina neno gani. Nikaomba ruhusa ya kupiga meza.

Nikapiga kwa vidole vyangu hivi. Nzito moja, nyepesi mbili, kimya, nzito.

Hakimu akamuuliza Rusk kama ndio wenyewe. Rusk akasema ndio, bila shaka.

"Basi huyu naye ni mkalafati wako aliyetoroka Septemba?" hakimu akauliza, akacheka mpaka akakohoa. "Ana miaka sabini."

Nikasema mdundo ule ni wangu, mimi ndiye niliyewafundisha watu wa uwanja, na kila mtu pale anaupiga, kama Bwana Rusk alivyosikia kwa masikio yake. Kama ndio ushahidi wake, basi awachukue wote kumi pamoja na mimi. Hakimu akaandika kitu. Nilidhani imekwisha. Rusk akainuka taratibu, kwa ule upole wake.

"Na yeye mzee alijifunza wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku sita. Ningeweza kusema kwa baharia. Ningeweza kusema Jezi. Lakini Rusk alikuwa amekaa miaka sita karibu na kile kinu. Alijua kwamba mdundo ule hauchukuliwi kwa kupita njia, chanzo chake lazima kiwe mtu aliyekulia pale. Uongo mmoja mbovu na maneno yangu yote yangeanguka, na Tobit pamoja nayo. Tobit alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa, anasema hapana kwa midomo bila sauti.

"Charles Town, Bwana," nikasema. "Kwenye uwanja ule ule. Niliondoka huko miaka thelathini na mmoja iliyopita."

Tobit akainamisha kichwa.

Hakimu hakufurahi. Ni mtu aliyetaka kwenda kulala, nami nilikuwa nimemwongezea kazi. Alisema Tobit aachiwe. Kuhusu mimi, bwana wangu wa Charles Town alikwisha kufa, kwa hiyo Rusk alete hati kutoka kwa warithi kabla ya mwisho wa kiangazi, ndipo atalisikiliza. Mpaka wakati huo nisitoke mjini. Kwa kuwa neno langu ndilo lililomtoa Tobit, nikitoweka neno langu litakuwa la mtoro mwongo, na Tobit atarudishwa kwenye pingu.

Rusk aliandika jina langu. Akaniuliza, kwa heshima, Primus inaandikwaje. Nikamwandikia.

30 Januari

Wamemkata Tobit vidole viwili. Mkono wa chembeu. Hatakalafati tena.

9 Februari

Baridi imezidi. Dina amerudi langoni na sufuria. Nilipofika aliniwekea bakuli bila kunitazama na bila kusema neno, akageuka kumhudumia mwingine. Nikala. Sijui ile ilikuwa salamu au hukumu.

24 Februari

Theluji. Silas anafanya kazi na mtu mwingine ambaye hawezi kupokezana. Unasikia pengo lile kwenye uwanja mzima.

5 Machi

Barafu imepasuka usiku kwa sauti ya mizinga. Asubuhi mto ulikuwa na vipande vikubwa vinavyopanda migongoni mwa wenzao.

8 Machi

Kuna meli ya kuvua nyangumi inayokwenda kaskazini kabisa, safari ya miaka miwili au mitatu, na inahitaji mkalafati. Nahodha haulizi maswali. Miguu ya Silas imepona. Nimeongea na nahodha.

11 Machi

Silas ameondoka alfajiri. Jana alikuja darini akakaa kwenye sakafu kama mwana nyumbani kwa baba. Alisema nahodha anakubali kunichukua pia, mpishi wao amekufa. Nikamkumbusha sharti la hakimu. Akasema basi atabaki, tusubiri pamoja, wakija watukute wawili.

"Ukibaki," nikamwambia, "vidole vya Tobit vimekatwa bure."

Alishika kichwa changu kwa mikono yote miwili, kama wanavyofanya kwetu mtu anapozikwa, akashuka ngazi. Tobit alimsindikiza hadi gatini. Sikwenda, dari lina ngazi nyingi na kifua changu hakijatulia. Nilisikiliza tu.

15 Machi

Meli ya mchele imeondoka na Bwana Rusk. Alipita uwanjani kuaga. Bwana Averell alimpa mkono.

29 Machi

Tobit anakuja darini kila siku. Mkono wa kulia ni mzima, na brashi haihitaji mwingine. Namfundisha kuchora herufi. Leo amechora jina lote la meli mpya peke yake, na herufi moja imeinama kama mlevi. Nikamwambia aifute. Akasema meli yenyewe italewa ikifika baharini, herufi imetangulia tu. Alicheka, kisha akaifuta, akaichora tena, akaifuta, akaichora tena. Nilipomuuliza kama anataka kujua jina linasema nini, akasema ndiyo, kwa sauti ya chini ambayo sikuijua kwake.

Dina alipanda kumletea chakula. Alileta bakuli mbili. Aliniambia, akitazama dirishani, kwamba watu wa mtaa wanazungumza kunificha kwenye shamba moja ng'ambo ya mto, na kwamba yeye na Tobit wamekubaliana, liwalo na liwe. Ndiyo jibu la swali aliloniuliza Januari; limemchukua majira mazima, nami sikumpa mimi. Nikamshukuru. Nikasema hapana.

Nimehesabu hali yangu bila kujidanganya. Kwa upepo mzuri Rusk anaweza kurudi mwezi wa Juni. Warithi watasaini, hata kwa mzee asiyefaa kitu, kwa kuwa kutosaini kungekuwa mfano mbaya. Mpaka hapo Tobit atakuwa amejua herufi zote na uwanja utakuwa na mchoraji mwingine. Hakimu atakapokwisha kuona kwa macho yake kwamba sikutoroka, neno langu litakuwa limesimama na Tobit hatadaiwa tena. Hicho ndicho ninachokisubiri. Baada ya hapo mimi na Rusk tutabaki na shauri letu wenyewe.

Kila mwaka nimeandika kwamba nitarudi kuwaona. Nimeamua kuacha kuandika hivyo. Abba anatwanga bila macho na ataendelea bila mimi. Waje na hati yao, watanikuta hapa darini. Karolina sitarudi nikiwa hai.